Bahasha Nne za Safari ya Misri

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza swali ambalo wengi huliahirisha mpaka siku ya mwisho. Wewe na mumeo mtakuwa na mwongozaji wenu binafsi, Cairo siku 3 na Luxor siku 2, pamoja na gari na dereva. Je, bakshishi ni kiasi gani, apewe nani, na lini? Nakusihi fedha hiyo ihesabiwe na kutiwa kwenye bahasha kabla hamjapanda ndege. Anayesubiri kuamua mizigo ikishushwa garini huamua kwa haya. Ama anatoa noti kubwa pekee aliyobaki nayo, ama anaaga kwa mdomo mtupu.

Kwanza soma karatasi mliyopewa na kampuni, pale palipoandikwa vilivyomo katika bei na visivyomo. Kampuni nyingine hutoza bakshishi ya safari nzima mapema na kuigawa wenyewe. Kama tayari imo, usilipe mara mbili. Kama haimo, Misri mwongozaji binafsi wa siku nzima hupewa kama dola 10 hadi 20, na dereva nusu yake. Kiasi hicho ni chenu wote wawili kwa pamoja, si kwa kila kichwa, na hapo ndipo watu hukosea hesabu.

Mimi ningeweka dola 15 kwa siku kwa mwongozaji na 7 kwa dereva. Cairo itakuwa 45 na 21, Luxor 30 na 14, jumla 110. Ongeza 20 ya vitu vidogo vidogo, mfike 130, kama shilingi 17,000 zetu. Ziweke kwenye bajeti pamoja na nauli, zisiwe za kubahatisha.

Bahasha ziwe nne, kila moja imeandikwa mji na kazi ya mtu. Mji ukibadilika, mara nyingi mwongozaji na dereva hubadilika pia, na aliyewatembeza Giza, kule kwenye mapiramidi karibu na Cairo, hatawaona tena mkishaondoka kwenda Luxor. Mpe kila mmoja mkononi mwake, mwisho wa siku yake ya mwisho nanyi, ukimshukuru kwa jina. Ya dereva usimkabidhi mwongozaji ampelekee. Hata akiwa mwaminifu, dereva hatajua ulitoa ngapi, na shaka itabaki kati ya watu wanaofanya kazi pamoja kila wiki. Dereva ndiye husahauliwa zaidi, ilhali ndiye aliyekaa juani akilinda mizigo yenu.

Bakshishi ndogo ndogo ni jambo jingine, na hizo zitawachosha msipojiandaa. Chukua mfano wa makaburi ya Bonde la Wafalme, huko Luxor. Waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani, kwa hiyo wenu atawaeleza nje, nanyi mtashuka wenyewe. Mle chini mlinzi anaweza kuwaita pembeni, awashe tochi kwenye mchoro fulani, au aombe simu yenu awapige picha. Kisha mkono utanyooshwa. Ukiipokea huduma, umekubali kulipa, na noti ndogo ya Misri inatosha. Usipoitaka, sema "la, shukran" kabla tochi haijawashwa, na uendelee kutembea. Kwa ngamia wa Giza, patana bei ya kupanda na ya kushuka pamoja, mwongozaji akisikia. Wapo wanaotaja bei ya kupanda tu, halafu wakudai nyingine ukiwa bado huko juu.

Mwongozaji pia anaweza kuwapitisha kwenye maduka ya mafunjo na manukato, maana hupata kamisheni kwa mnachonunua. Kama hamtaki, mwambieni kwa upole asubuhi ya siku ya kwanza. Msimpunguzie bakshishi kwa kudhani amekula dukani.

Noti za dola ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa kwa kalamu, la sivyo watazikataa. Agiza za 5 na 10 benki siku kadhaa mapema, kwa sababu mara nyingi wana za 100 tu. Sarafu za kigeni usimpe mtu, hawezi kuzibadilisha benki. Shilingi zetu pia hazitamsaidia. Mashine za kutolea fedha za Cairo zikikupa noti kubwa za paundi za Misri, zivunje hotelini asubuhi.

Kazi ikiwa mbaya, tenganisha kosa lake na lisilo lake. Foleni, joto na hekalu lililofungwa si juu yake. Kuchelewa, kuwaharakisha na kuwapeleka madukani mlikokataa ni juu yake. Piga simu kampuni siku hiyo hiyo, wakati bado wanaweza kukubadilishia mtu, kuliko kunyamaza halafu umnyime mwishoni. Akiwa mzuri, waandikie ukitaja jina lake. Vijana wa boti hapa Dunga na madereva wa Ziwa Nakuru watakwambia kazi hii ni ya msimu, na mgeni anayemtaja mtu kwa wema humletea kazi inayofuata.

Usiibebe hesabu hii kila nchi. Marekani ni asilimia 15 hadi 20 ya bei ya ziara. Japani si desturi kutoa fedha, na mwongozaji anaweza kuzirudisha. Pakiti ya majani chai ya Kericho ingempendeza zaidi. Na zile ziara za miguu za miji ya Ulaya zinazoitwa za bure, mnachotoa mwishoni ndio mshahara wa mtu.

Bahasha za karatasi ninazo hapa nyumbani, nitampa kaka yako akuletee Jumamosi. Msalimie sana mumeo.

Mama yako