Akae wapi siyo shida, shida ni nani anamwangalia akishakaa

Swali lenu la wiki hii, kwamba watoto wenye mahitaji maalumu wasome kwenye shule zao au wachanganywe na wenzao, limenigusa nikashindwa kulipita. Mimi nasema wachanganywe, tena nalisema mapema. Ila nyie mnauliza akae wapi, wakati sisi huku Mbagala tunahangaika na nani anamwangalia akishakaa.

Mtoto wa dada yangu ana ualbino, yupo darasa la sita shule ya serikali ya jirani. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na miwani inasaidia kidogo tu, haimalizi. Sasa kofia kila mtu anakumbusha, losheni kila mtu anakumbusha, macho hakuna anayeuliza. Ubaoni haoni hata akiwa dawati la mbele, na jua la asubuhi likipiga ule ubao ndo kabisa, kwa hiyo anasubiri rafiki yake anakili halafu na yeye anakili kwenye daftari la rafiki, wakinong'onezana wanaambiwa wanapiga stori.

Kuna siku nilienda pale kumpelekea hela ya daftari, ilikuwa mtihani wa hisabati, nikakuta wenzake wameshatoka wanacheza yeye bado yupo ndani kaibandika karatasi usoni. Karatasi yenyewe fotokopi ya fotokopi, imefifia, yale maswali ya sehemu hata mimi nilikuwa nakisia hii ni 3 au 8. Msimamizi akaniambia mama muda umeisha, na hakusema kwa ubaya, darasa lake limejaa mpaka mlangoni. Mtoto hakulia. Akanambia tu, "Mama mdogo, haya najua kuyafanya, sijayaona tu." Yaani nilisimama pale sina la kumjibu. Akatokea madam mmoja wa darasa la tatu, wala hamfundishi, akaichukua ile karatasi akasema dada twende steshenari pale kituoni, akamwambia kijana aikuze toka A4 iwe A3 na aongeze wino. Ni hela ya maandazi. Tukarudi, akamkalisha ofisini dirisha likiwa mgongoni ili mwanga usimpige, mtoto akayafanya yote aliyokuwa ameyaruka na mengi akapata. Maksi hazikuingizwa popote, muda ulishapita, ila madam alimsahihishia hivyo hivyo, kalamu nyekundu, swali kwa swali.

Na siyo kwamba nchi haijui. Baraza la Mitihani kwenye mtihani wa darasa la saba linawaandalia wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, wanaongezewa na muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati na 10 kwenye masomo mengine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Sasa huyu mtoto apewe haki yake siku ya mwisho tu, miaka yote ya nyuma akisomea daftari la mwenzake? Atakuwa na nini cha kuandika hiyo siku? Ile huduma siku ile ilitegemea huruma ya madam mmoja, siku akihamishwa imeisha. Walimu wa elimu maalumu wanasomeshwa pale Patandi, Arusha, shule yetu hatujawahi kumuona hata mmoja.

Nikifika hapa naona ule msimamo wangu wa mwanzo unanishinda. Kumchanganya na wenzake bila mwalimu anayejua macho yake ni kumhesabu kwenye mahudhurio tu. Kwa hiyo kama dada akiniuliza leo, ningemwambia ampeleke shule yenye kitengo cha elimu maalumu, kama shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko ya hapa hapa Dar, ambako wapo walimu waliosomea na bado anakaa na watoto wengine. Naandika hivi huku roho inakataa, maana toka Mbagala mpaka kule ni alfajiri kugombania gari na makonda wanavyowakwepa wanafunzi mnajua wenyewe, na yule rafiki wa daftari atabaki huku. Wenye watoto viziwi labda wana hesabu nyingine kabisa, lugha ya alama huwezi kuipata dawati la pembeni, siwasemei. Mimi nasema kwa huyu wetu, kwa mwaka huu, na wakituletea mwalimu mmoja tu wa uoni hafifu hapa jirani namrudisha hata katikati ya muhula.