Taa ya UV imesafisha maji, mbona mawe bado ya kijani?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tabora mjini, nina tangi la lita 200, ndani kuna Tropheus kumi na mbili, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, niliwatoa huko kwenu Kigoma. Maji yalikuwa ya kijani kama mlenda, nikashauriwa ninunue taa ya UV (ya mionzi ya urujuanimno) ya wati 9. Ndani ya wiki maji yameng'aa mpaka naona ukuta wa nyuma, ila mawe na kioo bado vina ukijani na naona kama unazidi. Nimepigwa? Au nichukue ya wati 18?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hujapigwa, taa imemaliza kazi yake, sema wewe unaidai kazi ambayo siyo yake. UV inaua kile kinachopita ndani ya lile bomba lake, basi. Mwani, yaani huo ukijani, uliokuwa unaelea ulivutwa na pampu ukapita mbele ya balbu ukapigwa na ile mionzi ya nanometa 254, inaharibu vinasaba vyake hauzaliani tena, ndo maana maji yamekuwa meupe. Huu wa kwenye jiwe umejikalia zake kwenye jiwe, haujawahi kwenda kwenye pampu na hauna mpango huo, weka wati 18 weka wati 100 utakuangalia tu. Ni sawa na kukagua tiketi hapo stesheni ya Tabora ukitegemea kumkamata mtu ambaye hata hajatoka kwake Ujiji.

Na kwamba unazidi wala sishangai. Maji yalipokuwa ya kijani yalikuwa yanazuia mwanga usifike chini, sasa unafika, halafu nitrati na fosfati ambazo zamani zililiwa na mwani wa kuelea zote zimebaki kwa huyu wa kwenye mawe. UV haiondoi hivyo vitu kwenye maji hata kidogo. Vinatoka kwenye chakula tunachomwaga, na wengi wetu tunalisha samaki kama tunalisha kuku. Wape kidogo kidogo mara mbili kwa siku, kiwe kimeisha ndani ya dakika mbili, na kila wiki toa robo ya maji uweke mapya (ya bomba yaweke dawa ya kuondoa klorini kwanza).

Ila nikuulize, hao Tropheus umeshawaangalia wanavyokula? Huku ziwani wanashinda kwenye miamba wanakwangua mwani kwenye mawe toka asubuhi mpaka giza liingie, midomo yao imeumbwa kwa kazi hiyo. Sasa wewe unataka kuwaondolea shamba. Mimi tangi langu nakwangua kioo cha mbele tu, natumia kadi ya benki iliyoisha muda, mawe na kioo cha nyuma nawaachia wenyewe, na wageni wakija wanadhani nimepamba makusudi. Chakula unaendelea kuwapa lakini, usije ukasema fundi kaniambia wale mawe.

Tukirudi kwenye taa yenyewe, ukitaka maji yasirudi kijani kasi ya maji ndo kila kitu. Yakipita mbio mwani unapata mionzi kidogo unatoka mzima, yakipita taratibu mno unaobaki kwenye tangi unazaliana kuliko unaokufa. Usiamini kilichoandikwa kwenye pampu, ile namba ni ya pampu tupu bila mpira wala filta. Chukua ndoo ya lita 20, kinga mpira unaotoka kwenye UV, washa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 72 hiyo ni lita 1,000 kwa saa, kwa wati 9 naona ni mbio. Ikijaa kwa dakika mbili au tatu upo kati ya lita 400 na 600, yaani tangi lako lote linapita mara mbili mpaka tatu kwa saa, hapo mimi nalala usingizi. Na UV ikae baada ya filta siyo kabla, maana uchafu ukipita mbele ya balbu unatia kivuli na mwani unajificha humo humo. Spanji ya filta nayo ioshe wiki hii kwa maji ya tangi, mwani wote uliokufa umekwama hapo unaoza.

Kitu kingine kinachowapiga watu ni ule mwanga wa bluu. Mionzi inayoua huioni kwa macho, bluu unayoiona ni ya ziada tu, kwa hiyo balbu inaweza kuwaka vizuri kabisa na imeshachoka. Ikifika saa 8,000 hivi, ambayo ukiiwasha usiku na mchana ni kama miezi kumi na moja, badilisha. Na lile bomba la kioo linalofunika balbu, kwa kuwa maji ya Tropheus tunayafanya magumu, yaani yenye madini mengi, linashika utando mweupe wa chokaa unaokula mionzi, kila baada ya miezi michache chomoa umeme ulifute kwa siki.

Nimesema chomoa umeme kwanza. Mimi mwaka wa kwanza nilifungua taa ikiwa inawaka nikachungulia dakika moja tu nione kama balbu ni nzima, mchana sikusikia kitu, usiku macho kama yamemwagiwa mchanga, waliowahi kuangalia moto wa kuchomelea wanaujua huo usiku. Pampu na taa chomeka kwenye ekstensheni moja ili vizimike pamoja, na siku ukiwawekea samaki dawa zima UV, kuna dawa inaziharibu.

Ukishapima ndoo nitumie sekunde zako na picha ya tangi inayoonyesha na dirisha, maana hujaniambia liko upande gani wa nyumba, na mimi nahisi jua la saa kumi linaliingia lote. Kama ni hivyo weka pazia na taa ya juu ya tangi iwake kwa muda wa saa saba tu kwa siku kabla hujanunua kitu kingine chochote.