Machapisho yamenizidi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtayarishaji wa programu, na jioni hushughulikia miradi yangu ya kujifurahisha. Tangu nijiunge na mtandao wa kijamii wa Mastodon, machapisho yamenifurikia hata miradi imelala. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, hupanga machapisho ya unaowafuata kwa mfuatano wa wakati, bila kompyuta kukuchagulia, kwa hiyo kazi ya kuchuja ni yako. Anza na wanaosambaza mno maneno ya wengine: fungua wasifu wa kila mmoja, uzime usambazaji wake, nawe utabaki ukisoma aliyoyaandika mwenyewe tu. Wanaoandika kuhusu lugha ya programu unayoitumia waweke kwenye orodha yao, uisome baada ya kazi, si kabla. Nakusihi usianze kwa kujiundia programu ya kuchuja, kwani miradi iliyolala inatosha.