Msivute umeme kwa pesa zenu kabla dhamana yao haijaingia benki

Mkuu, ahirisha hicho kikao cha Ijumaa. Nimesoma bandiko lako mara mbili, tumbo likaanza kunikata. Kampuni changa ya pikipiki na bajaji za umeme imewaandikia, inasema miji mingine mitatu inagombea karakana yake ya kuunganisha, na itakuja kwenu ikiwa halmashauri itatoa ekari tano, itajenga godauni na kuvuta umeme wa kVA 1,000 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa umeme unaoweza kuvutwa kwa mpigo) "ndani ya siku 90". Halafu unatuuliza msamaha wa ushuru uwe wa miaka mingapi, vijana wapelekwe vyuo vya ufundi vya VETA wakasomee nini, na kama bajaji zina soko kuliko pikipiki. Hayo baadaye. Hapo kwenye umeme ndipo mtakapozikwa.

Kanuni ni moja na nitairudia hata mkinichoka: pesa yao iingie kwanza, jembe lenu lifuate. Sisemi barua, wala picha ya mwenyekiti akipeana mkono na diwani. Nasema pesa.

Methali ya mwenzako akinyolewa naijua. Kichwa kilichonyolewa ni hiki changu, maana nasi tuliwahi kuisimamishia nguzo kampuni ya namna hii, na wembe ulikuwa butu.

Hizo kVA 1,000 nazifahamu, nimewahi kuziona zimeandikwa kwa kujiamini hivyohivyo. Kuunganisha pikipiki si kuyeyusha chuma. Vifaa vinakuja kwenye kontena fremu ikiwa imeshachomelewa na kupigwa rangi, mota iko ndani ya rimu, betri imo kwenye kasha lake. Kazi inayobaki ni spana, kompresa ya upepo, mashine ya kuvisha matairi, meza ya kukagulia nyaya, na chaja. Shika kalamu upige hesabu mwenyewe. Betri ya volti 72 yenye Ah 40 (ampea mara saa) inabeba kama kWh 2.9, yaani uniti 2.9 za umeme. Chaja yake ya ampea 10 inapanda mpaka volti 84, yaani wati 840 zinazoingia kwenye betri. Chaja ikipoteza asilimia kumi hivi, ukutani inavuta kama wati 930. Sasa washa chaja 60 kwa mpigo, kitu ambacho karakana changa haitakifanya mwaka wa kwanza: kW 56. Gawanya kwa pawafakta ya 0.95, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli, unapata kVA 59. Wakinunua chaja za bei chee na pawafakta ikashuka hadi 0.7, ni kVA 80. Ongeza kompresa ya kW 7.5 na taa, bado hujavuka 100. Transfoma ya kVA 100 itatoka jasho kidogo. Ya 200 itafanya kazi hiyo inapiga mluzi.

Hiyo elfu moja basi imetoka wapi? Imetoka kwenye ukurasa wa "awamu ya tatu" ya mpango wao, wanakochora mitambo ya kufunga pakiti za betri, kufinyanga plastiki na chumba cha rangi. Awamu ya tatu haina mfadhili. Mara nyingi hata ya kwanza haina, na ndiyo sababu wamewaandikia ninyi. Kampuni changa ya namna hii bado haijauza pikipiki ya maana, kwa hiyo inachouza ni matumaini, tena inawauzia watu wenye mitaji walio mbali. Barua yenye muhuri wa halmashauri inayosema "tumetenga ekari tano na umeme upo" ndiyo bidhaa yake ya kwanza. Barua nne kutoka miji minne zinafanya kitabu kizuri cha kuonyesha wawekezaji. Mnadhani mnashindania kiwanda, kumbe mnachapisha kurasa za kitabu hicho, tena bure.

Tukirudi kwenye transfoma, maana hapa ndipo pesa inapopotea kimyakimya. Transfoma kubwa ikishawashwa hailali. Hata godauni likiwa na popo watupu, kiini cha chuma kinakula kati ya kW 1 na 2 usiku na mchana. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 720 mpaka 1,440 ambazo hazikuwasha hata balbu. Mita ikiwa upande wa msongo wa kati, yaani kabla ya transfoma, uniti hizo ni za mwenye jina kwenye mkataba wa umeme. Na jina hilo ni la nani? "Tuandike la halmashauri kwa muda, kampuni ikikamilisha usajili tutabadilisha." Wallahi, hiyo "kwa muda" ina umri mrefu kuliko kobe.

Tuseme wameanza kweli. Kwa madaraja ya bei ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, mteja wa kawaida yuko T1, lakini akizidi uniti 7,500 kwa mwezi anahamia T2, na huko analipia uniti pamoja na kila kVA ya kilele chake cha mwezi, yaani pale alipovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Msimamizi wa karakana akiwasha chaja zote saa mbili asubuhi kompresa nayo ikinguruma, kilele cha asubuhi ile moja kinalipiwa mwezi mzima. Dawa yake ni rahisi, chaja zigawanywe makundi matatu zipokezane. Ila bili ikiwa kwa jina lenu, wao wazipange kwa zamu kwa shida gani?

Njia ya kilovolti 33 ukishaipeleka kwenye kiwanja imekwenda. Huwezi kung'oa nguzo ukazipeleka sokoni. Mtakachobaki nacho ni transfoma inayovuma katikati ya majani na mbuzi waliolala kwenye kivuli cha uzio wake, na kila mkaguzi akija anauliza ileile: "Hii ilikuwa ya nini?"

Na huyo mshauri wenu wa uwekezaji, mchunguzeni analipwa na nani. Namjua wa aina yake. Anakuja na slaidi arobaini, ya thelathini na tisa ina ramani ya Afrika yenye mishale, na sentensi yake ni moja: "Mkichelewa, jirani anachukua." Wetu alikuwa anakula asilimia upande wa kampuni huku chai na posho ya kikao akipata kwetu. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko nguzo tulizosimamisha. Muulizeni kwa maandishi, mbele ya mwanasheria: kampuni isipokuja, wewe unapoteza nini? Akijibu kwa ngano, mmeshapata jibu.

Msidhani ni ushamba wa Waswahili. Jimbo la Delaware, Marekani, mwaka 2009 liliwakaribisha Fisker, kampuni changa ya magari ya umeme, kwenye kiwanda kilichofungwa cha General Motors pale Wilmington. Jimbo lilitoa ahadi ya dola milioni 21.5, na sehemu ya fedha hiyo ilikuwa ya kulipia bili za umeme na huduma nyingine za jengo. Soma tena: bili za jengo tupu. Novemba 2013 kampuni ikaomba ulinzi wa ufilisi, na hakuna hata gari moja lililotengenezwa pale. Leo kiwanja hicho kina ghala la Amazon.

Jimbo la Nevada, hukohuko Marekani, walikuwa wajanja kidogo. Desemba 2015 Faraday Future, nao wa magari ya umeme, walitangaza kiwanda cha dola bilioni 1 na ajira 4,500 huko North Las Vegas. Mwaka 2016 wakasawazisha ardhi, mwishoni mwa mwaka huohuo kazi ikasimama, na Julai 2017 wakaondoka, mwezi uliofuata wakatua kwenye kiwanda cha zamani cha matairi huko Hanford, California. Ila misamaha mikubwa ya kodi ilikuwa imefungwa kwenye sharti: tumieni kwanza hiyo bilioni. Haikutumika, na misamaha haikutoka. Ni kanuni yangu hiyohiyo, wao wameivalisha tai.

Hata aliyefanikiwa huwa ameposa nyumba nyingi. Mwaka 2007 Tesla walisema wanajenga Albuquerque, New Mexico. Mwaka 2008 wakasema hapana, ni San Jose, California. Mji wa Downey, California, nao wakakaa mkao wa kula, na Mei 2010 ndoa ikafungwa Fremont, mji mwingine wa California, kwenye kiwanda kilichokuwa cha Toyota na General Motors. Fremont walikuwa na kiwanda kilichosimama tayari. Ndugu zetu wa Albuquerque sijui ile mikeka waliipeleka wapi.

Sasa pesa yao inaingiaje kwanza? Dai dhamana ya benki yenye thamani sawa na njia ya umeme, transfoma na zege kwa pamoja. Iwe ya benki inayofanya kazi nchini, isiyoweza kufutwa na upande mmoja, inayolipwa mkidai bila kwenda mahakamani. Barua ya "kampuni mama" ya ng'ambo si dhamana, ni kadi ya mwaliko. Muda wake uzidi muda wa ujenzi kwa miezi sita angalau, kwa sababu mchezo wao ni kuchelewesha mpaka dhamana ife, halafu wajadili upya mkiwa mmeshachimba. Na msipokee nakala waliyowapa mkononi. Mhasibu wenu aende benki yenyewe, apate uthibitisho wa maandishi. Sisi tulipokea nakala. Ilikuwa nzuri sana, ina rangi.

Umeme uanze kVA 100, kwa jina lao, fomu wajaze wao. Mkataba useme mtapandisha hadi 200 wakileta bili za miezi mitatu mfululizo zinazoonyesha kilele kimefika asilimia 80. Hapo mzigo ni wa kweli, hata benki itawakopesha.

Godauni, kama ni lazima mjenge, lijengwe kama ghala la alizeti: sakafu tambarare isiyo na mashimo ya mitambo, urefu wa mita sita, mlango wa lori. Kontena la futi 40 lina mita 12.2 kabla hujafunga kichwa cha lori, kwa hiyo uwanja wa kugeuzia uwe mita 30. Wasipokuja, mfanyabiashara wa mbolea ataingia wiki inayofuata. Wakidai mifereji ya sakafuni na chumba chenye kiyoyozi cha kufungia betri, hicho wajenge wao.

Ardhi pangisheni, msigawe, na mkataba ukataze kuiweka rehani. Kuna kampuni iliyokopea benki kwa ardhi ya bure, nami sitaitaja. Andikeni pia kwamba uzalishaji usipoanza ndani ya miezi 12, eneo linarudi. "Uzalishaji" mkaufafanue: kontena lenye hati ya shehena, si proforma (ankara ya makadirio tu), kwa kuwa proforma hata mimi naweza kuomba ya ndege. Na ajira zihesabiwe kwa majina yaliyochangiwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mwezi husika. Msihesabu "fursa 2,000 za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja", maana humo wameshamweka na mama anayeuza vitumbua getini.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa fanyeni hivi. Kampuni iombe TANESCO wa mkoa makadirio mawili kwa jina lake, la kVA 100 na la kVA 1,000, na gharama ya maombi ilipe yenyewe. Yakitoka, wapeni siku 14 walete dhamana ya hilo dogo tu. Mwenye nia ya kujenga atalalamikia bei, atawaita wezi, kisha atalipa. Mwingine atawaambia jirani ameshakubali masharti yote na basi lake linaondoka kesho. Msindikizeni stendi, mumkatie na tiketi.