Kabla hujammiminia mgeni wiski ya gharama

Vijana mnaoanza kazi kaunta za hoteli hapa Arusha, mgeni akiuliza wiski fulani ikoje, msimtajie bei. Bei ameiona kwenye menyu. Anataka kujua ladha, na ladha hamuwezi kuieleza kama hamjaipima wenyewe.

Wiski ya mchanganyiko ya Uskoti ni wiski ya malti, yaani shayiri iliyooteshwa, kutoka viwanda mbalimbali, ikichanganywa na wiski nyepesi ya ngano au mahindi. Zote hukaa kwenye mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3. Ile namba 12 kwenye chupa ya Johnnie Walker Black Label ni umri wa wiski changa kuliko zote ndani ya chupa, wala si wastani. Ndugu yake, Blue Label, haina namba na bado ni ghali kuliko hiyo. Rangi nayo isikuhadae, maana sheria inaruhusu kutia karameli.

Kazi kubwa iko puani. Tumia glasi iliyobana mdomoni; ya mvinyo inatosha. Isogeze taratibu huku umeachama kidogo, la sivyo kilevi cha asilimia 40 kitakuchoma pua na hutanusa kitu tena. Kisha andika unachokijua: vanila inayotoka kwenye pipa, asali, mdalasini, moshi wa ule udongo wa kinamasi unaochomwa kukaushia shayiri. Maneno ya lebo achana nayo. Aliyekulia Machame akisema "ndizi iliyoiva sana" namwamini kuliko anayetaja tunda ambalo hajawahi kulila.

Sasa zimua kwa maji. Wachanganyaji wenyewe hushusha kilevi mpaka kama asilimia 20, na kwa sehemu kubwa wananusa tu. Hapo kasoro hazijifichi. Mchanganyiko hafifu huanza na utamu, katikati pakawa patupu, mwisho ukabaki ukali mtupu kooni. Mzuri hupokezana: matunda, viungo, halafu moshi usiomeza wenzake.

Mgeni akitaka barafu au soda, mpe bila kumkunjia uso. Kinywaji ni chake. Unapopima wewe, barafu hapana, ubaridi hufunga harufu. Julai hapa glasi zenyewe ni za baridi, zipashe kwanza kiganjani.

Pima asubuhi, bila marashi, na uteme. Aina tatu zinatosha, baada ya hapo pua imechoka. Mwenzako amimine ukiwa umegeuka, na mojawapo iwe ya bei nafuu.