Kabla ya Kununua Mashine ya Mvuke, Hesabu Chanja Zako

Mwakeye, ndugu zangu.

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa huku kusini mwa Ziwa Tanganyika. Ameandika hivi: "Shikamoo mama. Nimeona dagaa wako wa mvuke, nimewapenda. Nimepata mashine ya mkanda, inapika tani moja kwa saa, muuzaji anataka nusu ya hela kwanza. Mtaji ninao. Nilipe au nisilipe?"

Marahaba mwanangu. Usilipe kwanza. Nilianza kukujibu palepale kwenye simu, jibu likawa refu, na kwa kuwa wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo ya kutoka kwenye dagaa wa mchanga kwenda kwenye dagaa wa pakiti, nimeona niwaandikie wote.

Swali langu kwako ni moja. Una chanja ngapi, zile meza za wavu za kuanikia dagaa?

Hakuna aliyeniuliza swali hilo mwaka 2023. Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Unguja kwa shangazi yangu, na macho yangu yalikuwa yamefunguka. Kule nimeona dagaa wa bahari wakichemshwa kwenye masufuria makubwa ya maji ya chumvi, wanaanikwa, wanafungwa kwenye magunia, wanapakiwa kwenda Kongo. Kongo! Hao ni jirani zetu wa ng'ambo. Usiku wa giza, usio na mbalamwezi, ukisimama kwenye mwalo wa Katonga hapa Kigoma unaona taa za wavuvi ziwani, na ng'ambo ya taa hizo ni Kongo. Wanakula dagaa aliyevuka bahari na nchi nzima, na sisi wa Kigoma, wenye dagaa mtamu kuliko wote, tunamwanika chini, mvua inamkuta na mchanga unaingia mdomoni mwa mlaji. Iliniuma sana. Sijaacha kuumia mpaka leo.

Nikajisomea. Nikagundua kuchemsha kuna kasoro yake: maji yanachafuka, inabidi yabadilishwe, dagaa wanagongana na kukatika, na utamu mwingi unabaki kwenye sufuria. Mvuke hauna shida hizo. Dagaa analala kwenye treya yenye matundu, mvuke unamzunguka, dakika tatu hadi tano ameiva. Ngozi yake ya fedha inabaki. Na kuiva kunazuia kile kinachomharibu dagaa mapema, maana huyu samaki huanza kuoza tumboni. Vimeng'enya vya utumbo wake vinamla kwa ndani mpaka tumbo linapasuka. Joto linaviua vyote.

Nikakopa. Nikaongeza na hela ya kiwanja nilichouza Ujiji. Nikanunua mashine iliyotumika kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam ambaye simtaji: boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke), kabati la mvuke na treya 40, kupika kilo 500 kwa saa. Aliniambia kwa mdomo wake, "Mama, ukiwa na hii, mvua haikuhusu tena." Niliamini neno hilo, na ndilo lililonigharimu.

Usiku wa kwanza wa giza mwezi Novemba nilinunua tani mbili mwaloni, pale boti zinapotia nanga. Boti zilirudi alfajiri, dagaa wakiwa bado wanang'aa. Kufika saa nne asubuhi wote walikuwa wameiva. Sitasahau treya ya kwanza ilipotoka: macho ya dagaa yamekuwa meupe kama shanga, ukimbana mmoja kwa kidole gumba nyama inaachana na mfupa wenyewe. Akina mama waliokuwa wanachambua walipiga vigelegele. Nililia.

Halafu mmoja wao akauliza, "Mama, tunawaweka wapi?"

Nilikuwa na chanja nne. Kila moja mita 20 kwa mita moja na nusu, yaani mita za mraba 120 kwa jumla. Ukitaka dagaa akauke vizuri, mita moja ya mraba inabeba kilo 5 hivi, wasilaliane. Basi chanja zangu zote zilibeba kilo 600. Zile kilo 1,400 zilizobaki tulizimwaga kwenye maturubai, kwenye mabati, hadi kwenye vyandarua vya wanangu. Saa nane mchana mvua ikashuka. Kesho yake asubuhi walikuwa wanateleza mkononi kama sabuni iliyoloana. Aliyewachukua ni mfugaji wa kuku, kwa bei ambayo hata nauli ya bodaboda aliyeniletea habari hiyo ilinishinda kulipa kwa moyo mkunjufu.

Mvuke haukaushi. Liandike ukutani. Mvuke unapika tu, tena dagaa anatoka kwenye kabati akiwa ameloa kuliko alivyoingia kwa kumtazama.

Hesabu yenyewe ni hii, na ningeipiga kabla ya kusaini mkopo ningelala usingizi mwaka ule wote. Dagaa mbichi ni maji kwa robo tatu hivi. Tani 1 ikikauka sawasawa inabaki kilo 300 hivi, kwa hiyo kilo 700 za maji lazima ziende mahali. Kupandisha kilo moja ya dagaa kutoka nyuzijoto 25 hadi 95 kunataka kilojuli kama 250. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka kilojuli 2,257. Hata ukitoa maji yanayochuruzika kabatini wakati wa kupika, kukausha kunakula joto karibu mara tano ya kupika. Jua linakupa joto hilo bure, lakini linataka nafasi, na siku ya mvua halipo. Mimi nilinunua kile kidogo kwa hela yangu yote, kile kikubwa sikukigusa.

Kwa hiyo wewe, mwanangu, mwenye mashine ya tani moja kwa saa: ukiiwasha kwa muda wa saa nne tu umepika tani 4. Kwa kilo 5 kila mita ya mraba unahitaji mita za mraba 800 za chanja, siku hiyohiyo, na jua la siku nzima. Unazo? Kama huna, umenunua njia ya haraka ya kuozesha samaki.

Hasara ya pili ilikuwa maji. Maji ya Ziwa Tanganyika tunayanywa, tunayaogea, tunayasifu kwa ung'avu wake. Lakini yana magadi na magnesi nyingi, na kila mama wa hapa anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Fikiria birika hilo likichemka kwa presha saa nane kwa siku. Baada ya miezi michache mabomba ya boila yangu yalikuwa yamevaa ukoko mnene kama ganda la yai. Ukoko unazuia joto lisifike kwenye maji, kuni zinateketea, mvuke hauji, na bomba lenyewe linaungua kwa nje. Fundi niliyempata akaniambia tatizo ni valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, eti inavuja. Akaondoka na hela yake.

Siku nne baadaye nilipanda ngazi kufuta vumbi juu ya boila. Valvu ile ilikuwa imefungwa na waya wa kufungia nondo, mizunguko sita, imekazwa kwa koleo. Mshale wa geji ya presha ulikuwa umepita alama nyekundu. Chini yangu wanawake saba walikuwa wanapanga treya na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Nilishuka taratibu, nikawaambia watoke nje bila kukimbia, nikatoa moto wote tanurini kwa koleo refu, na mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inakuwa zaidi ya lita 1,600. Ndiyo nguvu iliyokuwa imefungwa kwa waya. Tangu siku hiyo hakuna fundi anayegusa boila yangu bila mimi kusimama pale. Boila hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndugu zangu, waiteni kabla hamjawasha, msiwakimbie kwa kuogopa ada. Na kijana wako wa boila afundishwe jambo moja kabla ya yote: maji yakipotea kwenye kioo cha kuonyesha kimo chake, asiongeze maji. Atoe moto. Maji ya baridi yakigusa chuma kilichokauka na kuiva kwa moto, boila inaweza kulipuka.

Kisha ikaja Mei 2024. Serikali ikalifunga ziwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Sipingi, ziwa lilikuwa limechoka na baada ya kufunguliwa nimeona mwenyewe ndoo zinavyorudi kujaa. Lakini mkopo haukufungwa. Miezi ile mitatu nilikuwa nauza mawese na mihogo sokoni ili kulipa rejesho, na wapo walionipita wakiuliza kwa sauti, "Mama mashine, mashine yako inapika nini siku hizi?" Nawajua. Wengine leo wananiletea wachumba wa watoto wao waje kuona kiwanda. Nawakaribisha, nawapa chai, lakini sijasahau.

Miezi ileile ndiyo iliyoniokoa, maana nilikaa chini nikafikiri. Niliuza nusu ya treya na kujenga chanja nane zaidi kwa nguzo za mkaratusi na wavu, kimo cha kiuno. Nikazungushia bati chumba cha mita 6 kwa mita 4, nikapitisha humo mabomba ya mvuke, feni mbili upande mmoja, tundu la kutolea unyevu upande wa pili. Uzuri wa dagaa aliyepikwa ni kwamba unaweza kumkausha kwa hewa ya moto kuliko mbichi bila kumharibu, kwa sababu ameshaiva. Sasa boila inapika kwa saa moja na kukausha kwa saa zinazofuata. Kazi yake kubwa imekuwa ile ambayo muuzaji hakuitaja.

Na maji? Nimeweka mifereji kwenye paa lote na tenki la lita 5,000. Maji ya mvua hayana ukoko. Ile mvua iliyoniozeshea dagaa ndiyo inayonywesha boila yangu masika nzima, na kiangazi natumia chujio la kulainisha maji ya ziwa, linalosafishwa kwa chumvi. Kuni nimepunguza, nachoma maganda ya mise, yaani kokwa za michikichi, kutoka kwa wakamuaji wa mafuta, yanawaka vikali na Kigoma hayakosekani.

Mambo madogo ya kabati lenyewe nayo nimejifunza kwa hasara. Acha mvuke usukume hewa yote nje kabla hujaanza kuhesabu dakika, la sivyo pembeni dagaa wanabaki wabichi. Paa la kabati liwe na mteremko, kwa sababu likiwa bapa matone yanadondokea treya ya juu na dagaa wake wanatoka na madoa. Dagaa wasizidi kina cha vidole viwili kwenye treya. Na kabla ya hayo yote, hesabu chanja.

Masika hii, kwa mara ya kwanza, sijamwaga hata beseni moja. Februari mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, mwaloni watu wanauza dagaa wa kuku, mimi natoa magunia makavu yanayolia kama majani ya mahindi ukiyatikisa. Mnunuzi wa Dar es Salaam alifungua gunia moja, akavunja dagaa katikati, akatafuna, akatafuta mchanga kwa ulimi. Hakuupata. Alichukua yote, na rejesho la mwisho la mkopo nililipa wiki iliyofuata. Najivunia, na siombi radhi kwa kujivunia.

Vijana wetu, mnapenda mashine kwa sababu inapigwa picha. Chanja haipigwi picha. Mkipata mtaji mnakimbilia kitu kinachotoa moshi ili majirani waone, na kile kinachowalisha mnakiacha cha mwisho. Msifanye hivyo. Hesabuni na usiku wenu: mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika wiki nzima au zaidi, ziwa likifungwa unakaa miezi, na rejesho linakuja kila tarehe ileile. Anza na kabati dogo la treya kumi. Kabati hilo lijaze chanja zako kwanza. Siku chanja zikikaa tupu zinakusubiri, hapo ndipo uongeze mashine.

Wewe mwanangu wa kusini, chukua futi kamba kesho asubuhi. Pima urefu na upana wa kila chanja, niandikie, na uniambie maji ya boila utayatoa wapi. Muuzaji mwambie asubiri. Leo ni usiku wa giza, boti zimeshatoka Katonga na mimi nawasha moto saa tisa, kwa hiyo ukiniandikia asubuhi utanikuta naanika. Nitakujibu mchana.