Kuhusu 49ers ya 2020: niliishi nao msimu mzima, naomba nieleze

Mkuu, umesema umehamia San Jose mwaka huu, na kila ukitaja San Francisco 49ers, timu ya futiboli ya Kimarekani ya huku, kazini, wenyeji wanaguna, wanasema "2020", kisha wanaanza kukuhesabia majeruhi. Wewe unaona ni visingizio, kwa kuwa kila timu huumiza watu na ligi haisimami kwa ajili ya mtu. Hoja yako ina haki. Ila mimi msimu ule niliutazama karibu wote, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mtu aliyeipenda timu ile kuliko watu wengi ninaowajua, na sikubaliani na wewe.

Nikupe mazingira kwanza. Mwaka ule nilikuwa nahudumia wazee kwenye makao ya wazee hapa Santa Clara. Corona imeingia, ndugu hawaruhusiwi kupita mlangoni, wanakuja kusimama dirishani nje na kupunga mkono. Kwenye korido yangu alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kuwa na tiketi za msimu enzi za Candlestick Park, uwanja ambao sasa hata haupo. Watoto wake hawawezi kuingia, mechi inaanza, na mimi ndiye mtu pekee mwenye barakoa na ruhusa ya kukaa chumbani kwake. Mchezo wenyewe nilikuwa siuelewi. Yeye ndiye aliyenifundisha, Jumapili moja baada ya nyingine.

Sasa, kuelewa maumivu ya 2020 uanzie tarehe 2 Februari mwaka huohuo, Miami. Fainali ya Super Bowl, 49ers wanaongoza 20 kwa 10 robo ya mwisho, halafu Kansas City Chiefs wanafunga pointi 21 mfululizo na kuondoka na kombe, 31 kwa 20. Msimu uliotangulia fainali hiyo walikuwa wameshinda mechi 13 na kupoteza 3. Kwa hiyo walipoanza upya Septemba, hapa watu hawakuwa wanasubiri msimu mzuri. Walikuwa wanasubiri deni lao.

Mechi ya kwanza wakafungwa nyumbani na Arizona Cardinals, 24 kwa 20, viti vitupu, hakuna shabiki hata mmoja. George Kittle, mdakaji wao tegemeo, akaumia goti siku hiyo. Richard Sherman, beki wa pembeni mwenye uzoefu kuliko wote pale nyuma, kigimbi kikamtoa. Msimu mzima alikuja kucheza mechi 5 tu.

Halafu ikaja tarehe 20 Septemba, ugenini MetLife Stadium, dhidi ya New York Jets. Mechi ilianza saa nne asubuhi kwa saa za huku. Nilikuwa nampa mzee uji wa shayiri. Mara ya kwanza tu 49ers wanaushika mpira, mkimbiaji Raheem Mostert anauchukua na kukimbia yadi 80 bila kuguswa. Mzee akapiga meza, uji ukamwagika, tukacheka. Kilichofuata sitakisahau. Nick Bosa, kijana ambaye kazi yake ni kumfukuza kwotabeki wa wapinzani, yaani yule mrushaji anayeendesha timu nzima, akabaki chini ameshika goti. Dakika chache baadaye Solomon Thomas, wa safu ileile ya mbele, naye chini, naye goti. Wote wawili ilikuwa ligamenti ya mbele, ile ACL, na msimu wao ukaishia hapo. Kabla ya kwenda mapumziko kwotabeki wao Jimmy Garoppolo alikuwa ameshaumia kifundo cha mguu. Mostert mwenyewe, goti. Tevin Coleman, mkimbiaji wa pili, goti. Walishinda 31 kwa 13, na sijawahi kuona timu iliyoshinda ikatoka uwanjani na sura zile.

Wachezaji waliilalamikia kapeti ya pale, nyasi bandia zilizokuwa zimetandikwa upya mwaka ule, wakisema zinanasa kiatu. Ligi ikakagua, ikasema uwanja umetimiza vigezo. Na wiki iliyofuata ratiba ikawarudisha kwenye kapeti ileile kucheza na New York Giants. Walishinda, 36 kwa 9.

Hapa niseme la kwangu. Mimi nilichanika ACL mwaka 2016, tukicheza ndondo zetu za Jumapili, Waafrika Mashariki wa San Jose, kwenye nyasi bandia za kukodi. Hakuna aliyenigusa. Niligeuka kufuata mpira, mguu ukabaki palepale mwili ukaenda, nikasikia "tak!" ndani ya goti. Upasuaji, magongo, miezi tisa ya mazoezi ya tiba, na hata leo nikishuka ngazi goti hili linatangulia kuuliza kabla ya kukanyaga. Kwa hiyo nilipomwona Bosa amekaa pale chini hakuna aliyemgonga vibaya, nilimwambia mzee kabla ya madaktari hawajasema: huyu harudi mwaka huu. Sipendi kuwa nilipatia. Na ndiyo maana mtu akisema majeruhi ni kisingizio, huwa namuuliza kama aliwahi kuumia yeye.

Ila tuache huruma, tuje kwenye hoja yako kwamba timu zote huumiza watu. Ni kweli. Tofauti iko kwenye nani anaumia, na huyo alikuwa anamfichia nani udhaifu. Kwenye soka letu kiungo akiumia unampandisha beki, mambo yanakwenda, hayapendezi lakini yanakwenda. Huku kila mtu ana kazi yake moja aliyoifanyia mazoezi tangu shule. Bosa akiwepo, kwotabeki wa wapinzani anarusha kwa haraka na hofu, na mabeki wa nyuma wanahitaji kumkaba mtu kwa sekunde mbili tatu tu. Bosa asipokuwepo, na Dee Ford wa upande wa pili akiwa amecheza mechi moja tu kabla mgongo na shingo havijamtoa, yule kwotabeki anasimama na kuchagua. Sasa mabeki wanatakiwa kukaba muda mrefu zaidi, na Sherman naye hayupo. Mwezi Oktoba walipokuja Miami Dolphins, aliyesimamishwa pembeni kule nyuma alikuwa kijana aliyepandishwa kutoka kikosi cha mazoezi. Dolphins wakamwona, wakamrushia mipira upande wake mpaka akatolewa. Matokeo 43 kwa 17, nyumbani. Kwenye karatasi utasoma beki mbovu. Mzizi wa kipigo kile ulianzia kwenye magoti ya Septemba.

Na huku hakuna dirisha dogo la kwenda kumnunua mtu kwa fedha ya tajiri. Mishahara ya timu ina kikomo, mwaka ule kilikuwa dola milioni 198.2, na aliyeko kwenye magongo mshahara wake unahesabiwa humohumo. Unabaki na kuokota walioachwa na wengine.

Nikupe hesabu moja tu. Garoppolo alianza mechi 6, wakashinda 3 na kupoteza 3. Nick Mullens, msaidizi wake, alianza 8, akashinda 2. C.J. Beathard, msaidizi wa msaidizi, alianza 2 za mwisho, akashinda 1. Jumla ushindi 6, vipigo 10. Timu iliyotoka fainali.

Na hapa ndipo nakuunga mkono kidogo, maana si yote ya kumwachia Mungu. Kukaa na kwotabeki ambaye historia yake ya kuumia inajulikana, na nyuma yake ukaweka watu wanaopoteza mpira kila ukiwabana, huo ni uamuzi wa uongozi. Mechi ya Philadelphia Eagles walifungwa 25 kwa 20, na pointi 6 kati ya hizo Mullens aliwapa mwenyewe kwa kurusha pasi ikadakwa na adui, akaenda nayo moja kwa moja hadi mwisho. Ya Washington, Desemba, ndiyo inayoniuma hadi leo: kikosi cha mashambulizi cha Washington hakikufunga tachidauni, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja kwa pointi 6, hata moja. Hata moja! Waliofunga ni walinzi wao, Chase Young aliyeokota mpira ulioanguka na Kamren Curl aliyenasa pasi, na wakashinda 23 kwa 15. Ulinzi wa 49ers siku ile ulifanya kila ulichoombwa. Pia kumuuza DeForest Buckner kwa Indianapolis Colts mwezi Machi, nguzo ya katikati ya safu ya mbele, ulikuwa ni uamuzi wa fedha, na mzee aliuchukia tangu siku ulipotangazwa. Bosa alipoumia, jina la kwanza kumtoka mdomoni lilikuwa Buckner.

Katikati ya msimu waliinuka kidogo. Waliwafunga Los Angeles Rams, kisha wakaenda Foxborough wakawachapa New England Patriots 33 kwa 6. Siku hiyo mkimbiaji Jeff Wilson alifunga tachidauni 3, na ile ya tatu ndiyo iliyomtegua kifundo, akatolewa. Ndivyo mwaka ulivyokuwa, hata furaha ilikuja na machela. Wiki iliyofuata kule Seattle, Garoppolo akaumia kifundo kilekile tena, Kittle akavunjika mfupa wa unyayo, wote katika mechi hiyo moja. Siku nne baadaye, Alhamisi, wanacheza na Green Bay Packers, na juu ya majeruhi wote hao mchezaji mmoja anapimwa na kukutwa na virusi, waliomkaribia wanawekwa karantini, akiwemo Trent Williams anayemlinda kwotabeki na mdakaji Brandon Aiyuk. Walipigwa 34 kwa 17. Lakini usiku ule Richie James, mdakaji ambaye watu wengi hawakuwa wanamjua, alidaka pasi 9 kwa yadi 184. Mzee alikuwa amesinzia, nikamwamsha aone.

Halafu wakafukuzwa nyumbani. Jumamosi 28 Novemba timu ikiwa njiani kwenda Los Angeles, wilaya yetu ya Santa Clara, ulipo uwanja wao, ikapiga marufuku michezo ya kugusana kwa wiki tatu kwa sababu ya corona. Sikuilaumu serikali ya wilaya. Sisi kule kazini tulikuwa tunapimwa kila wiki na tulikuwa tumeshazika watu. Ila fikiria: unaambiwa kwako hurudi. Kesho yake waliwafunga Rams 23 kwa 20 kwa mkwaju wa Robbie Gould muda ukiwa umekwisha, kisha wakahamia Glendale, Arizona, wakaishi hotelini mbali na wake na watoto hadi mwisho wa msimu, Krismasi ikiwemo. Kule "nyumbani" kwao kulikuwa uwanja wa Cardinals, mahasimu wa kundi lao. Buffalo Bills wakawafunga, Washington wakawafunga, halafu Dallas ugenini wakawafunga, na Mullens naye kiwiko kikaenda. Msimu ulikuwa umekufa rasmi.

Na hapo ndipo ninapotaka ufike, mkuu, kwa sababu ukitafuta mechi moja tu ya msimu ule uitazame nzima, usianze na ile ya Jets. Tafuta ya tarehe 26 Desemba, dhidi ya Cardinals. 49ers hawana wanachogombea. Kwotabeki ni wa tatu. Cardinals wanapigania kuingia hatua ya mtoano. Na Kittle anarudi uwanjani. Mfupa wa unyayo ulikuwa umevunjika wiki nane nyuma, mechi zilikuwa zimebaki mbili zisizo na faida yoyote kwake, na kila mshauri wa mwili na wa mkataba angemwambia akae. Alidaka 4 kwa yadi 92. Wilson, yule wa kifundo cha Foxborough, alikimbia yadi 183. Walishinda 20 kwa 12, na Cardinals walikosa mtoano.

Mzee hakuwa na nguvu ya kupiga meza tena wakati ule. Kittle alipodaka ya kwanza na kuburuza watu wawili mgongoni, aliuliza, "Ule mguu ni uleule?" Nikamwambia ndiyo, uleule. Akaniomba nimwinulie kitanda, akae vizuri.